Historia ya Mahali pa Mkutano Turkana: Kutoka Mti wa Wanaume hadi Ukumbi wa Skauti

Historia ya ukumbi wa jamii katika Lodwar na Kakuma, miji ya Turkana nchini Kenya, huanzia kwenye kivuli, kwa kuwa Waturkana, ambao ni wafugaji wa kuhamahama, walikuwa na mahali pa kukutania muda mrefu kabla ya kuwa na kuta. Mahali hapo ni mti wa wanaume, ambapo kila mzee huja na ekicholong chake, yaani kigoda cha mbao kinachokaliwa mchana na kulaliwa kichwa usiku. Katika akiriket, ambayo ni karamu ya nyama ya kafara, wanaume huketi kwa nusu duara kulingana na marika yao na pande mbili za kurithi, Ngimor na Ngirisae, ambapo mtoto huwa upande usio wa baba yake.

Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa, ikawazuilia humo wapinzani wake, akiwemo Jomo Kenyatta, aliyewekwa Lokitaung kisha Lodwar hadi mwaka 1961. Njaa ya miaka hiyo iliwafungulia mlango wamisionari, waliogawa chakula na kujenga shule, zahanati na makanisa, hata Lodwar ikafanywa jimbo la Kanisa Katoliki mwaka 1978. Darasa na jengo la parokia vikawa kumbi za kwanza za umma kwa vijiji vingi, maana baada ya masomo na ibada palibaki paa na sakafu kwa mikutano ya wanakijiji.

Uskauti, yaani mafunzo ya uongozi na huduma kwa vijana yaliyoanzishwa Uingereza na Baden-Powell mwaka 1907, uliingia Kenya mwaka 1910, na mwanzilishi wake akazikwa Nyeri mwaka 1941. Mahitaji yake ni machache, na ukumbi wa aina hiyo huyatosheleza: uwanja, mlingoti wa bendera, na chumba cha kuhifadhia kamba na mahema. Bendera inapopandishwa, skauti husimama kwa nusu duara, umbo ambalo mzee wa Kiturkana hahitaji kuelezwa.

Kakuma, kando ya mto wa msimu wa Tarach, ilipata kambi ya wakimbizi mwaka 1992, walipofika maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Huko uskauti umewafikia pia watoto wa wakimbizi, ambao hutoa ahadi ileile wanayoitoa skauti wengine wa Kenya.

Jengo hudumu pale ambapo wanaolitumia ndio wanaolifagia na kushika ufunguo wake. Kwa sababu hiyo serikali ya kaunti, parokia na mashirika yanapaswa kukabidhi kumbi kwa kamati za wenyeji na wakimbizi, huku skauti wenyewe wakiandika majina ya waliozijenga, wakati wazee wanaoyakumbuka wangali hai.