Kabla ya kufumwa, huotwa: historia ya t'nalak ya Watboli

Ulipokuwa shule, mwalimu bila shaka aliwahi kukuagiza manila, ile karatasi ngumu ya kuchorea chati. Umewahi kujiuliza kwa nini inaitwa hivyo? Jina lilitoka Ufilipino. Katika karne ya 19, meli za Ulaya na Marekani zilitegemea kamba za abaka, mmea wa jamii moja na mgomba, ambazo nyuzi zake zilisafirishwa kupitia bandari ya Manila. Kamba zikichakaa, zilisagwa zikawa karatasi imara. Siku hizi karatasi hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa miti, ila jina limeng'ang'ania.

Hiyo ndiyo historia ya abaka inayojulikana zaidi: bandari, meli, biashara. Lakini nyuzi hizohizo zina historia nyingine, kusini mwa kisiwa cha Mindanao, kwenye milima inayozunguka Ziwa Sebu. Huko wanaishi Watboli, na huko abaka ni kitambaa kitakatifu kiitwacho t'nalak.

Mwenye abaka ni nani?

Kwa imani ya Watboli, abaka ina roho yake, Fu Dalu. Nakshi za t'nalak hutoka kwake: humjia mwanamke usingizini, naye akiamka huzifuma. Ndiyo maana wageni wamezoea kuwaita wafumaji hawa "wafuma ndoto".

Jina tamu, lakini linaweza kutupoteza. Ukisikia "ndoto" unaweza kudhani kazi hii ni ya kubahatisha, kwamba mama anaota, anakaa, kitambaa kinatoka. Hebu tuangalie kazi yenyewe.

Kwanza, nyuzi za abaka hazisokotwi kama pamba. Shina la mmea huchanwa, nyuzi hukwanguliwa na kukaushwa, kisha huchambuliwa kwa unene wake na kuungwa moja baada ya nyingine kwa vifundo vidogo sana. Vifundo hivyo hufungwa kwa mkono, na vinatakiwa visionekane.

Pili, nakshi haichorwi juu ya kitambaa kilichokwisha fumwa. Inapangwa kwenye nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, kabla ufumaji haujaanza. Mfumaji hufunga sehemu fulani za nyuzi kwa uzi uliopakwa nta ili rangi isipenye. Nyuzi zote hutiwa rangi nyeusi, inayotokana na majani ya mti uitwao k'nalum, yanayochemshwa kwa muda mrefu. Kisha baadhi ya mafungo hufunguliwa, na nyuzi hutiwa rangi nyekundu ya mizizi ya mti wa loko, wa jamii ya Morinda. Sehemu zilizobaki zimefungwa hadi mwisho hutoka na rangi ya asili ya abaka, nyeupe iliyopauka. Nyeusi, nyekundu, nyeupe: rangi za t'nalak ni hizo tatu.

Sasa fikiria. Mamia ya nyuzi, kila moja na mafungo yake, na hakuna karatasi wala kipimo kilichoandikwa. Fungo likikaa pembeni kidogo, nakshi nzima inapinda. Mfumaji anaibeba picha yote kichwani.

Baada ya hapo ndipo anapokaa kwenye mtambo wa kufumia, ambao upande mmoja hufungwa nyumbani na mwingine kiunoni mwake, mwili wenyewe ukivuta nyuzi zikaze. Hufuma asubuhi na mapema au jioni, kwa sababu jua likiwa kali abaka hukauka na kukatika. Mwisho, kitambaa husuguliwa kwa kauri hadi king'ae. Kipande kimoja huweza kuchukua miezi.

Ndoto kama hati

Kwa hiyo, kama ustadi ni mkubwa kiasi hicho, ndoto inafanya kazi gani? Jibu langu ni hili: mbali na kuwa imani, ndoto ilikuwa namna ya kutunza umiliki katika jamii isiyoandika. Iliyootwa ina mwotaji, na mwotaji ana binti. Asiyeota hufuma nakshi alizorithi kwa mama au bibi, na watu wanajua zimetoka wapi.

Chukua mfano wa Lang Dulay. Alijifunza kwa mama yake akiwa na umri wa miaka 12, na inasemekana alijua nakshi takriban 100: mawingu, kipepeo, nywele za kwenye paji la uso. Mwaka 1998 serikali ya Ufilipino ilimpa tuzo yake ya juu kabisa kwa wasanii wa jadi, Gawad sa Manlilikha ng Bayan. Alifariki mwaka 2015. Maktaba hiyo yote ilikuwa kichwani na vidoleni.

Miiko nayo ililinda kazi. Kitambaa kikiwa bado kinafumwa, hakirukwi. Mfumaji hujizuia kukutana na mumewe. Kukikata ovyo kunaaminika kuleta ugonjwa, na kikiuzwa hufungwa pete ya shaba ili kuituliza roho. Haikuwa nguo ya kila siku: kilitolewa kwenye mahari, kilibadilishwa kwa farasi, na kilimfunika mama anayejifungua ili ajifungue salama.

Mkasi ulipofika

Mwaka 1939 serikali ilianzisha mradi wa kuhamishia walowezi kutoka visiwa vya kaskazini kwenye bonde la Koronadal, si mbali na milima hiyo. Miongo iliyofuata, wenyeji wa eneo hilo, Watboli wakiwemo, walijikuta wachache kwenye ardhi ya mababu. Ardhi ikipungua, fedha inahitajika. T'nalak ikaingia sokoni, na soko lina mkasi: mikoba, pochi, viatu, mapambo ya ukutani.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mauzo hayo ni riziki, na bila mnunuzi huenda mabinti wengi wasingekaa kwenye mtambo kabisa. Tatizo ni pale nakshi inapopigwa chapa kwa mashine kwenye kitambaa cha kawaida na kuuzwa kwa jina lilelile. Hapo hakuna abaka, hakuna mfumaji, hakuna pete.

Sheria inasemaje? Hakimiliki ya kawaida humtafuta mtunzi anayejulikana na kumlinda kwa muda maalumu. Nakshi iliyotolewa na Fu Dalu na kurithiwa vizazi kadhaa, utamwandika nani kama mtunzi? Na muda uhesabiwe kuanzia usiku gani? Ufilipino ilijaribu njia nyingine mwaka 1997 kwa sheria ya haki za watu wa asili, inayotambua kwamba jamii nzima inaweza kuwa na haki juu ya utamaduni wake na kwamba ridhaa yake itafutwe kwanza. Ni hatua kubwa, lakini kiwanda kilicho nchi nyingine hakiogopi sheria ya Ufilipino.

Basi ukikutana na mkoba wa "t'nalak" mtandaoni, uliza maswali mawili kabla ya bei. Ni abaka kweli? Na nani ameufuma? Muuzaji asiyeweza kujibu la pili anakuuzia picha ya ndoto ya mtu mwingine.