Nilivyopigwa kwa silaha yangu mwenyewe

Nimepotea kidogo, mambo ya test si mnayajua. Leo naandika historia, ila si ile ya kozi. Ni ya gemu la Sid Meier's Alpha Centauri, ambalo mimi na room-mate wangu tunalicheza kwa kompyuta moja. Ukimaliza zamu yako unanyanyuka, mwenzio anakaa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1996 ilitoka Civilization II ya MicroProse, mbunifu mkuu akiwa Brian Reynolds. Mle ndani uchukue Waroma uchukue Wazulu, askari ni walewale. Mwaka huohuo Reynolds, Sid Meier na Jeff Briggs wakaanzisha kampuni ya Firaxis, na mwaka 1999 wakatuletea hili la sayari ya mbali. Hapo mambo yakageuka. Meli iitwayo Unity inavunjika kabla ya kutua, abiria wanagawanyika kambi 7, si kwa nchi walizotoka bali kwa wanachokiamini. Na kila kambi ina nguvu yake na kidonda chake.

Spartans wa Santiago wana ari ya vita, ila viwanda vyao vinajikokota. Morgan ana hela, lakini kutunza jeshi kunamuumiza. Gaians wa Deirdre wanaweza kuwateka na kuwatumia minyoo wa akili, wale wadudu wa kutisha wa sayari hiyo. Believers wa Miriam wakishambulia wanaongezewa nguvu 25%, ila kwenye utafiti ni wazito. University ya Zakharov ndio vichwa, lakini mitandao yao iko wazi, jasusi anaingia kama anaingia sokoni.

Vikosi unavibuni mwenyewe: chombo, silaha, deraya. Kikiandikwa 4-1-2, ujue kushambulia ni 4, kujilinda 1, mwendo 2. Ila ukikutana na wale minyoo, hizo namba mbili za mwanzo hazina kazi kabisa. Hapo ni ari ya askari tu.

Mimi, kama mnavyonijua, nilichukua University. Jamaa akachukua Believers, nikamcheka. Nikagundua silaha ya 4 kabla yake, nikajiona profesa, huku miji yangu ikilindwa na askari wa 1-1-1. Mradi wa Hunter-Seeker Algorithm, unaozuia majasusi, nikasema nitaujenga baadaye. Wiki iliyopita majasusi wake wakaingia, wakabeba utafiti wangu. Zamu chache baadaye nikaona vikosi vya 4-1-2 mlangoni. Silaha yangu mwenyewe jamani! Miji 3 ikaenda usiku mmoja.

Nilinuna kweli. Asubuhi akaniomba notisi za test, nikamwambia sina. Uongo, zilikuwa chini ya mto. Mchana boom langu halijaingia, jamaa huyohuyo akanigawia sahani yake ya wali maharage, hakuuliza kitu.

Nikakaa nikafikiri. Zakharov hakuangushwa na kuwa wazi. Aliangushwa na dharau, kudhani kwamba kujua kunatosha na ulinzi ni kazi ya wengine. Jioni nikatoa notisi, tukasoma wote mpaka saa sita usiku. Kumbe yeye alikuwa anaielewa ile mada ya mwisho kuliko mimi.

Jumamosi tunaanza upya. Safari hii naanza na Hunter-Seeker, msimwambie!

Ni hayo tu kwa leo. Tukutane cafeteria.