Somo la Historia: Kuiga na Kujichora

Leo tunasoma habari za kuiga.

Mwaka 1639, mjini Amsterdam, picha ya Castiglione, kazi ya Raphael, fundi wa Italia aliyekufa mwaka 1520, iliuzwa mnadani. Rembrandt aliitazama, akaichora upesi kwa kalamu ya wino. Mwaka 1640 akaufuata mkao ule, lakini akachora uso wake mwenyewe.

Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, alionya kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Je, wawili hawa wanapingana? La. Rembrandt hakukomea kwenye kuiga.

Nanyi mlianza kwa kufuata herufi za mwalimu ubaoni. Sasa andikeni barua kwa maneno yenu wenyewe. Kwaherini.