Ramani Huria
Ramani Huria ni mradi wa kuchora ramani za jiji la Dar es Salaam, Tanzania, kwa kushirikiana na wakazi wenyewe. Ulianza mwaka 2015 kwa msaada wa Benki ya Dunia, ili jiji lijiandae vizuri zaidi kwa mafuriko kama yale ya Desemba 2011 yaliyoua makumi ya watu. Kazi ya namna hiyo ilikuwa imefanyika katika kata ya Tandale mwaka 2011.

Sehemu kubwa ya jiji ilijengwa bila kupimwa, hivyo ramani za awali hazikuonyesha vichochoro, mitaro wala nyumba nyingi. Wanafunzi wa vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu Ardhi, walipita mitaani pamoja na wakazi, ambao walionyesha mipaka ya mitaa yao, mitaro na mahali maji hufika wakati wa mvua. Droni zilitumika pia kupiga picha kutoka angani. Taarifa huwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila malipo.

Ramani hizo husaidia kupanga mitaro, barabara na uokoaji. Hata hivyo, uamuzi wa kujenga hubaki kwa serikali, na kwa kuwa jiji hukua haraka, ramani isiyorekebishwa hupitwa na wakati upesi.