Tiba ya oksijeni kwa embolia ya mapafu

Tiba ya oksijeni kwa embolia ya mapafu ni kumpa oksijeni mgonjwa ambaye ateri ya mapafu yake imezibwa ghafla na bonge la damu. Mara nyingi bonge hilo hutoka katika vena za ndani za mguu, hupita moyoni, kisha hukwama mapafuni. Oksijeni humsaidia mgonjwa kustahimili, lakini haiyeyushi bonge.

Sababu za upungufu wa oksijeni

Sehemu ya pafu iliyozibwa hupata hewa lakini haipati damu. Damu huelekea kwa wingi kwenye sehemu zilizobaki wazi, kuliko hewa iliyoko huko inavyoweza kuihudumia, hivyo hurudi moyoni ikiwa na oksijeni pungufu. Wakati huohuo upande wa kulia wa moyo husukuma kwa shida. Ukishindwa, shinikizo la damu hushuka na mgonjwa anaweza kufa.

Dalili ni kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua, mapigo ya haraka ya moyo, kuzimia na pengine kukohoa damu. Mguu mmoja unaweza kuwa umevimba.

Utoaji wa oksijeni

Kiwango cha oksijeni katika damu hupimwa kwa oksimita inayobanwa kidoleni. Kwa watu wenye ngozi nyeusi, kifaa hicho wakati mwingine huonyesha kiwango kikubwa kuliko kilichopo. Mwongozo wa mwaka 2019 wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo unapendekeza oksijeni ikiwa kiwango kiko chini ya 90%.

Oksijeni hutolewa kwa mirija ya puani au, kwa mgonjwa mahututi, kwa barakoa yenye mfuko. Mashine ya kupumulia hutumiwa kwa tahadhari, kwa sababu shinikizo lake kifuani hupunguza damu inayorudi moyoni.

Matibabu ya bonge

Heparini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda hulizuia bonge lisikue, huku mwili ukiliyeyusha polepole. Shinikizo la damu likiwa limeshuka sana, hutolewa dawa za kuyeyusha bonge. Daktari mwenye shaka kubwa anaweza kuanza heparini kabla ya picha ya CT, ikiwa hakuna hatari kubwa ya kutokwa damu.

Katika pwani ya Tanga

Kigombe ni kata ya wilaya ya Muheza, kando ya barabara ya Tanga–Pangani. Mgonjwa wa huko huhitaji kupelekwa hospitali, kama vile Hospitali Teule ya Muheza au Hospitali ya Rufaa ya Bombo jijini Tanga. Safarini hutumika mtungi wa oksijeni, kwa kuwa mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani huhitaji umeme. Kiwango kikipanda baada ya kupewa oksijeni, safari haipaswi kuahirishwa, kwani bonge bado lipo.