Sare 40 bila mshindi: Karpov na Kasparov mwaka 1984

GOMA – Katika kata ya Katoyi, kama kwingine mjini Goma, ubao wa dama na vizibo vya chupa hukusanya watu kando ya barabara. Ndugu yake dama ni sataranji, ambayo wengi hapa huiita kwa Kifaransa, échecs. Jina hilo asili yake ni shah, yaani mfalme kwa Kiajemi. Kwa umoja, neno hilohilo kwa Kifaransa lina maana ya kushindwa. Lakini kwenye sataranji si lazima mmoja ashindwe.

Wachezaji wanapotoshana nguvu, mchezo huweza kuishia sare: wamekubaliana, au hali ileile ya ubao imejirudia mara 3, au mwenye zamu hana pa kusogea ingawa mfalme wake hajashambuliwa.

Historia inakumbuka Moscow, Septemba 1984. Bingwa wa dunia, Anatoly Karpov, alikutana na Garry Kasparov, kijana wa miaka 21. Wa kwanza kushinda michezo 6 ndiye angekuwa bingwa, na sare hazikuhesabiwa. Baada ya michezo 9, Karpov alikuwa mbele 4 kwa 0.

Kasparov akaacha kukimbilia ushindi, akajifunza kwanza kutopoteza. Zikafuata sare 17 mfululizo. Karpov akashinda mchezo wa 27, ukabaki mmoja tu. Hakuupata. Kasparov alishinda wa 32, sare zikaendelea, kisha akashinda wa 47 na wa 48.

Tarehe 15 Februari 1985, mkuu wa shirikisho la sataranji duniani, Florencio Campomanes, alisimamisha mashindano akitaja uchovu wa wachezaji. Miezi 5, michezo 48, sare 40, mshindi hakuna. Wote wawili walisema wako tayari kuendelea. Mwaka huohuo walianza upya, safari hii michezo 24 tu, na tarehe 9 Novemba Kasparov akawa bingwa kwa pointi 13 kwa 11.

Kwa familia zilizokimbia makwao na ambazo bado zinahesabu siku, hadithi hii haiahidi ushindi. Inaonyesha tu kwamba zile sare 17, ambazo hazikumpa Kasparov hata pointi moja, ndizo zilizombakiza kwenye ubao hadi zamu yake ilipofika.