Bei ndiyo iliyoifungua Rosterman, na bei ndiyo iliyoifunga

Kwenye Barabara ya Machakos, Industrial Area, Nairobi, katikati ya maghala na karakana, iko Madini House, zilipo afisi za idara inayosimamia madini ya Kenya. Idara hiyo ina mizizi Kakamega, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi: serikali ya mkoloni iliiunda mwanzoni mwa miaka ya 1930, habari za dhahabu ya huko zilipovuma. Kati ya kampuni zilizozaliwa na vuguvugu hilo, Rosterman Gold Mines ndiyo iliyotia fora. Ukiilinganisha na migodi ya Afrika Kusini ilikuwa ndogo sana, lakini historia yake inafunza jambo kubwa: kampuni ya aina hii huja na kuondoka kwa amri ya bei inayopangwa ng'ambo, na mwenye shamba hubaki na kile tu kilichokubaliwa kabla bei haijageuka.

Tuanze na tarehe. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aliona dhahabu karibu na Kakamega. Septemba ya mwaka huo Uingereza iliacha kufungamanisha pauni na dhahabu. Aunsi moja, iliyokuwa pauni 4 na ushee, ikakaribia pauni 7 kufikia 1934. Walowezi waliokuwa wamefilisika kwa nzige na kuporomoka kwa bei ya mahindi walikimbilia mtoni na makarai kuchekecha mchanga. Dhahabu hiyo ya juu iliwatosha wachache. Iliyobaki ilikuwa ndani ya mishipa ya mawe meupe, ambayo lazima ichimbiwe shimo, ipondwe na kusafishwa kwa kemikali. Kazi hiyo ilitaka mtaji, na hapo ndipo kampuni zilipowapiku wachekechaji. Rosterman ilichimba tangu katikati ya miaka ya 1930 na kutoa takriban aunsi 250,000, karibu tani 8.

Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Sheria ya 1930 ya amana ya ardhi ya Waafrika iliahidi kwamba maeneo yao yangekuwa yao milele. Kipande kikichukuliwa, kingefidiwa kwa kipande kingine, na baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza. Ahadi hiyo haikumaliza miaka mitatu. Desemba 1932 serikali ya Gavana Joseph Byrne iliibadilisha haraka: fidia ya pesa ikatosha, na haja ya kuliuliza baraza ikaondolewa. Hata Lord Lugard, ambaye hakuwa adui wa ukoloni, alipinga kitendo hicho huko London. Sheria ilipinda kabla hata Rosterman haijaanza kutoa dhahabu ya maana. Kampuni ilikuta njia imekwisha kufyekwa.

Kuna wanaosema dhahabu iliiokoa koloni wakati wa mdororo wa uchumi na kuwapa wenyeji kazi. Ni kweli kwa sehemu: mlowezi alipata pa kujishikiza, hazina ikapumua, na maelfu ya Waafrika wakapata mshahara. Ila mshahara wa kibarua hukoma siku shimo linapofungwa, ilhali shamba lililotolewa lingelisha wajukuu. Wengine watasema mgodi hufa kwa sababu mawe yameisha. Kweli, kadiri unavyoshuka ndivyo gharama inavyopanda. Hata hivyo, tangu 1934 Marekani ilikuwa imeishikilia aunsi kwenye dola 35, na baada ya Vita vya Pili mishahara na bei za mashine zilipanda bila kuisubiri dhahabu. Kushuka kwa thamani ya pauni mwaka 1949 kuliwapa wachimbaji nafuu, lakini haikudumu. Rosterman ilifungwa 1952. Dhahabu haikuwa imeisha katika ukanda ule: karne hii watafiti wamepima zaidi ya aunsi milioni moja Isulu na Bushiangala, kwenye mradi ambao Shanta Gold iliununua 2020.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba leo sheria ni nyingine. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Hiyo ni hatua ambayo wazee wa 1932 hawakuiota. Lakini mgao wa karatasini na pesa mfukoni ni mambo mawili, na kaunti zimelalamika kwa miaka kuhusu kucheleweshwa kwa fungu lao. Tena, mrabaha hufuata bei: ikishuka, fungu la jamii hunywea, na mgodi ukifungwa, hukatika kabisa. Fidia ya shamba na dhamana ya kufukia mashimo ndizo zinazobaki, na hizo hupatikana mezani kabla ya kutia saini.

Mwaka 2025 aunsi ilipita dola 3,000, na wawekezaji wanaitafuta tena magharibi mwa Kenya. Bei ikiwa juu, mwenye shamba ana sauti; ikianguka, hana. Wabunge, magavana na wazee wa Ikolomani huko Kakamega wadai sasa mikataba iwekwe wazi, na fedha za kurudisha ardhi katika hali yake ziwekwe benki kabla ya jiwe la kwanza kupondwa.